Hela za Inua Jamii kwa wenye ulemavu: maswali mnayoniuliza kila siku hapa Amu

Nimeandika hii sababu kila nikishuka gatini hapa Amu, yaani Lamu, lazima mtu anishike mkono aulize habari za hela za walemavu, na maswali huwa ni yale yale, na wengi wanaouliza ni kina mama waliotoka mbali, Faza, Kizingitini, Kiunga, wamelala kwa watu ili asubuhi wawahi ofisi. Mimi ni mlezi wa mdogo wangu, ana miaka 26, hajawahi kutembea wala kujilisha mwenyewe, kwa hivyo haya mambo nimeyapitia kwa miguu yangu. Soma swali linalokuhusu, mengine ruka.

Hii Inua Jamii ni kitu gani hasa, na sisi wa walemavu tuko wapi ndani yake?

Ni mpango wa serikali kuu ya Kenya wa kuzipa pesa nyumba ambazo hazijiwezi. Ndani yake kuna mafungu, kuna wazee wa miaka 70 kwenda juu, kuna mayatima na watoto walio kwenye shida, na kuna fungu letu, watu wenye ulemavu mkubwa, ambalo lilianza 2011. Uko chini ya wizara ya leba na ulinzi wa jamii, si wa kaunti, kwa hivyo ukienda kumlilia mjumbe wa wodi akutie jina unapoteza nauli, kalamu haiko kwake.

Alafu naomba hili mlishike. Hii si sadaka. Katiba ya 2010 kifungu cha 43 inasema kila mtu ana haki ya hifadhi ya jamii, na kwamba serikali itamsaidia mtu asiyeweza kujitegemea yeye na wanaomtegemea. Nawaona watu wakiingia ofisini wamejikunja kama waliokwenda kukopa unga dukani. Ingia uulize kama mtu anayefuatilia chake.

Ni pesa ngapi?

Elfu mbili kwa mwezi. Zikilipwa za miezi miwili pamoja unaona elfu nne. Na hiyo ni kwa nyumba, si kwa kichwa, kwa hivyo mama mwenye watoto wawili wasiojiweza ndani ya nyumba moja bado anapata elfu mbili ile ile. Hili swali naulizwa sana na jibu lake linaniuma kila nikilitoa.

Mbona kila kitu kimepanda na hiyo elfu mbili iko pale pale?

Kwa sababu hakuna kanuni inayoipandisha yenyewe. Miaka zaidi ya kumi nyuma ilikuwa elfu mbili na leo ni elfu mbili. Hebu fikiria ni mara ngapi bei zimebadilika hapo katikati, katikati ya 2022 unga wa sima wa kilo mbili ulipita mia mbili, Julai 2023 kodi ya VAT kwenye mafuta ya magari na boti ikatoka asilimia 8 ikawa 16, na Septemba mwaka huo huo petroli ikapita mia mbili kwa lita. Sisi watu wa kisiwani tunajua petroli maana yake nini, maana yake ni boti, na boti maana yake ni kila kitu, unga, mchele, sabuni, gesi, vyote vinavuka maji kutoka Mokowe vikija Amu, na vinavyokwenda Pate na Ndau vinavuka tena mara ya pili.

Na nyumba yenye mgonjwa asiyejiweza haili kama nyumba nyingine. Mdogo wangu anahitaji pampasi za watu wazima, hizo peke yake zikinunuliwa vile inavyotakiwa elfu mbili inakwisha kabla mwezi haujafika nusu, kwa hivyo tunakata mashuka ya zamani tunafua, na kufua kunataka maji na sabuni. Chakula chake lazima kiwe laini, uji wa maziwa, ndizi za kuponda, samaki aliyetolewa miba yote, hawezi kula chochote kilichopatikana. Kumpeleka hospitali nahitaji mtu wa kunisaidia kumbeba mpaka gatini, alafu boti nalipia watu watatu badala ya mmoja. Na mimi mwenyewe siwezi kwenda kazi ya kutwa kwa sababu nani atabaki naye? Hayo ndo gharama za ulemavu, na hakuna anayeyahesabu kwenye ile elfu mbili.

Wengine mnaniambia ati ni hivyo kila mahali. Si kila mahali. Kule South Africa pesa za mwenye ulemavu huangaliwa kila mwaka kwenye bajeti, Aprili 2024 zilikuwa randi 2,180 kwa mwezi na Aprili 2025 zikawa randi 2,310, ukibadilisha kwa zetu ni zaidi ya elfu kumi na tano. Uingereza nako marupurupu ya ulemavu hupandishwa kila Aprili kufuata bei za vitu, Aprili 2023 yalipanda kwa asilimia 10.1, na bei zilipowazidi 2022 na 2023 wakaongezewa pauni 150 kila mwaka juu ya zile za kawaida. Sisemi tuna pesa kama za Mzungu, nasema wazo la kuangalia bei kila mwaka halihitaji utajiri, linahitaji sheria, na hilo tunaweza kumwambia mbunge kwa sababu bajeti inapita bungeni. Mbunge akija kuomba kura muulize hili kwanza, kisima na uwanja wa mpira atavieleza baadaye.

Nani anafaa kuingia?

Mtu mwenye ulemavu mkubwa, yaani ule wa kuhitaji mtu mwingine amhudumie siku nzima, kumlisha, kumuogesha, kumgeuza, kumlinda. Nyumba iwe maskini hasa. Awe Mkenya, awe anaishi eneo lile, na pale nyumbani pasiwe na mtu mwenye mshahara wa kudumu au pensheni, wala nyumba isiwe tayari inapata mpango mwingine wa pesa. Kwa sababu mhusika mwenyewe mara nyingi hawezi kwenda kuchukua, pesa anapokea mlezi kwa niaba yake.

Kwa hivyo ami yangu mmoja aliyekatwa mguu kwa sukari lakini anashona majamvi na kujihudumia mwenyewe, kwenye fungu hili aliambiwa hapana. Aliumia, na mimi niliumia naye, lakini kuna milango mingine ya watu kama yeye, soma chini.

Ninayo kadi ya ulemavu tayari, mbona sipati hela?

Hili ndo linalochanganya watu kuliko yote. Kadi na hela ni vitu viwili. Kadi inatoka kwa Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu, wenyewe wanaliita NCPWD, lilianzishwa kwa sheria ya 2003, na sasa kuna sheria mpya ya watu wenye ulemavu ya 2025. Kadi inakutambulisha tu kwamba wewe ni mwenye ulemavu. Hela za Inua Jamii zinatoka idara nyingine na zina orodha yake na msako wake. Unaweza kuwa na kadi miaka kumi na jina lako halijawahi kuingia kule.

Na orodha ni fupi, hilo niseme wazi ili usidhani kuna mtu kakuchukia. Sensa ya 2019 ilihesabu watu kama laki tisa wenye ulemavu nchi nzima, na kwa miaka mingi nyumba zilizokuwa zikipata hela za fungu letu zilikuwa kama elfu 47. Kweli si wote laki tisa wana ulemavu mkubwa, lakini hata ukipunguza vipi waliobaki nje ni wengi.

Sawa, hiyo kadi naipata vipi?

Kwanza unapimwa hospitali ya serikali, sisi wa huku wengi tunakwenda King Fahd. Kuna fomu ya wizara ya afya inaitwa MOH 276B, ndo daktari anaijaza aseme ni ulemavu gani na wa kiwango gani. Msimlete mgonjwa bila kuuliza kwanza siku za kupima, sababu madaktari hukaa kamati siku maalum, na kumvusha mtu kutoka Siyu mpaka Amu uje uambiwe rudi wiki ijayo ni mateso. Piga simu kwa mtu aliye mjini, mtume akuulizie, hata nitumeni mimi.

Ripoti ikishatoka unajisajili na baraza, siku hizi ni kupitia eCitizen, na kama mtandao hujui nenda ofisi yao ya kaunti au Huduma Centre wakusaidie. Chukua kitambulisho, picha ndogo, na ile ripoti. Kwa mtoto ni cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha mzazi. Ripoti piga kopi tatu, weka moja kwa nailoni mbali na maji ya chumvi, nyingine mpe ndugu. Mimi kopi yetu ya kwanza ililoa kwenye mashua na tukaanza upya.

Na kuingia kwenye orodha ya hela, nafanyaje?

Huingii siku yoyote unayotaka. Usajili hufunguliwa kwa muda, serikali inatangaza, alafu habari inashuka kwa chifu, naibu chifu, mpaka mzee wa kijiji. Wanapita nyumba kwa nyumba na maswali mengi, nyumba ya nini, unapikia nini, mnakula mara ngapi, nani anafanya kazi. Baadaye majina husomwa barazani watu wathibitishe.

Hapa ndo watu wetu wanapotea. Watu wanaficha. Kuna nyumba Mkomani na Langoni hapa hapa mjini ambazo majirani hawajui kama kuna mtoto ndani, kwa aibu au kwa kuogopa maneno, na mzee wa mtaa akipita anaambiwa sisi hatuna. Mtu asiyeonekana haandikwi. Nawaomba kwa Mungu, mtoto huyo hana kosa na nyinyi hamna kosa. Akija mwenye fomu, mtoeni nje au mkaribisheni ndani amuone.

Na ukiulizwa maswali jibu ukweli. Kuna mwanamke alijibu wanakula mara tatu kwa siku kwa kuona haya mbele ya mgeni, na ukweli alikuwa akilala na chai. Fomu haina huruma, inahesabu ulichosema.

Kujiandikisha ni pesa ngapi? Kuna mtu anataka mia tano.

Kujiandikisha Inua Jamii ni bure. Mtu akikuomba mia tano ya fomu, ya kusukuma jina, ya chai, huyo anakuibia hata kama ni jirani na hata kama amevaa beji. Na wa simu ndo wabaya zaidi, anakupigia anakuita mama kwa heshima, anasema hela zimekwama nipe namba ya siri nizifungue. Hakuna mtu wa serikali anayehitaji namba yako ya siri ya M-Pesa. Kata simu.

Wakati wa kupimwa hospitalini ukiambiwa ulipe chochote, omba risiti. Ukiomba risiti kwa adabu utashangaa bei inavyobadilika.

Hela zinakuja kwa njia gani?

Zamani ilikuwa benki na mawakala wao kwa kuweka kidole, na wengi bado wana hizo akaunti. Siku hizi serikali imekuwa ikihamishia watu kwenye simu. Muhimu laini iwe imesajiliwa kwa jina la mlezi mwenyewe, yule yule aliyeandikwa kwenye fomu. Laini ya mjomba, ya kijana wa duka, ya mume aliye Oman, hiyo ndo inayoleta kilio. Majina ya kwenye kitambulisho na kwenye laini na kwenye orodha yafanane herufi kwa herufi, sababu Mwanaisha na Mwana Aisha kwa kompyuta ni watu wawili.

Wenye kidole kisichoshika, na wako wengi, wasiokunjua mkono au waliomaliza alama za vidole kwa kazi ya kamba na ndoana, msikubali kurudishwa tu nyumbani. Mimi nilirudishwa na wakala mmoja mara tatu kwa siku tatu tofauti. Mara ya nne nilikwenda na ofisa wa jamii na tukahudumiwa.

Hela hazijaingia na wenzangu wamepata. Niende wapi?

Anza kwa ofisa wa maendeleo ya jamii wa sabkaunti, yule wengi mnamwita mtu wa soshal, sio chifu, chifu hana kompyuta ya kuangalia. Mpe namba ya kitambulisho, atakwambia kama uko hai kwenye mfumo, umesimamishwa au majina hayafanani. Kama huwezi kufika piga 1533, ni namba ya bure ya Inua Jamii. Ukipiga andika tarehe, saa, na jina la aliyekujibu, na uombe namba ya malalamiko. Nina daftari la kurasa arobaini la haya mambo, na ni hilo daftari lililotusaidia tulipokatika miezi kadhaa bila kuambiwa sababu, nilipoweka tarehe zote mezani waliacha kuniambia rudi kesho.

Ikiwa wote, si wewe peke yako, hawajapata, basi ni hazina haijatoa. Hilo hutokea, na miezi huenda ikapita. Hapo msikope kwa riba mkitegemea zitaingia Ijumaa, nimeona mtu akiuza mbuzi wake wa maziwa kwa ajili ya deni la namna hiyo.

Nikipokea zaka au jirani akinipa futari, nitafutwa?

Masharti yanaongelea mshahara wa kudumu na pensheni. Sahani ya jirani, zaka ya Ramadhani, samaki wawili kutoka kwa binamu, hivyo si mshahara. Pokea, na usiwe na wasiwasi ukiulizwa.

Mimi nina ulemavu lakini najiweza na kazi ninayo. Kuna chochote changu?

Kipo. Mwenye kadi akipata cheti cha msamaha kutoka KRA, wale wakusanya kodi, kipato chake cha mpaka laki moja na nusu kwa mwezi hakikatwi kodi ya mapato. Walimu na wafanyakazi wa kaunti wengi wenye ulemavu hawajui, wanakatwa miaka na miaka. Mwenye biashara aangalie AGPO, ile asilimia 30 ya zabuni za serikali iliyotengewa vijana, akina mama na wenye ulemavu, hata kupeleka maji ofisini au kuosha vyombo vya mkutano ni zabuni. Na lile baraza lina mfuko wa maendeleo, vikundi huomba pesa za mradi, wanafunzi huomba karo. Yule ami yangu wa majamvi kikundi chao ndo kinaandaa barua sasa.

Viti vya magurudumu na vifaa?

Unaomba kupitia huo huo mfuko wa baraza, kwa ofisi yao ya kaunti, ukiwa na kadi na ripoti. Lakini kwa mji wetu sema mapema unaishi wapi. Vichochoro vya Amu ni ngazi na mawe, Shela ni mchanga, Matondoni ni mchanga, na kiti cha magurudumu membamba ya hospitalini hakiendi hata hatua kumi. Omba cha magurudumu mapana matatu, au sema ukweli kwamba unachohitaji ni magongo mazuri na godoro la kuzuia vidonda. Nimeona viti viwili vipya vimegeuzwa vya kuwekea nguo.

Mtoto wangu ni albino, na sisi tumo?

Ndio, msajili apate kadi. Mafuta ya kuzuia jua hutolewa bure kupitia baraza, na kwa watu wanaoshinda baharini na ufukweni kama sisi hayo mafuta ni dawa, saratani ya ngozi si mchezo. Kofia pana na mikono mirefu vile vile.

Na matibabu? SHA inaingia kwenye hizo hela?

SHA ni bima ya afya ya serikali, ilichukua nafasi ya ile ya zamani ya NHIF Oktoba 2024, na ni kitu kando. Asiye na mshahara mchango unaanzia mia tatu kwa mwezi na unalipwa wa mwaka mzima, elfu tatu na mia sita, yaani karibu hela zenu za miezi miwili zote. Msidhani mkiwa Inua Jamii basi mmelipiwa, angalieni kwa *147#. Lakini kujisajili ni bure, na ukishajisajili zahanati na vituo vya afya vidogo vya serikali unatibiwa bila kulipa huo mchango. Kwa hivyo jisajilini kila mtu, na mgonjwa awe wa kwanza.

Mimi mlezi nimezeeka. Nikifa hela zinakwenda wapi?

Hili swali aliniuliza bibi mmoja wa Kipungani anayemlea mjukuu wake, na nililala nikilifikiria. Mlezi anaweza kubadilishwa. Unakwenda kwa ofisa wa jamii na yule mtu mpya, vitambulisho vyote viwili, na barua ya chifu, mnajaza fomu ya mabadiliko. Inachukua muda, kwa hivyo usingoje uwe kitandani. Na mhusika mwenyewe akifariki, Mungu atuepushe, toeni taarifa ofisini, msiendelee kuchukua, sababu inakuja kudaiwa na nyumba ikija kuwa na shida nyingine jina lenu limeharibika.

Yule bibi tulikwenda naye Jumanne iliyopita, yeye, binti yake na mimi. Fomu imejazwa. Binti atapigiwa simu ya laini yake mwenyewe, tuliisajili siku hiyo hiyo kabla ya kupanda boti.